Namba ya Mama Mkwe

Mwaka 2021 nilikopa shilingi 3,000 kwa programu ya simu niwalipe wachumaji wa kahawa hapa Kibugu. Malipo ya kiwanda yakachelewa, nami nikachelewa. Siku ya nne mama mkwe akanipigia: "Kwani Mama Wanja, ni deni gani hili naulizwa?"

Mama huyu hajawahi kukopa hata chumvi. Namba yake wakopeshaji waliipata kwenye simu yangu. Nilipokuwa nikijisajili, programu iliomba isome majina yote niliyohifadhi. Wachumaji walikuwa wamesimama mlangoni, nikabonyeza "ruhusu".

Nilijiona mjinga kwa muda mrefu, kabla sijang'amua kwamba ruhusa ile haikuwa yangu kuitoa. Namba ni ya mama.

Wala si namba tu. Hiyo "data kubwa" inayosemwa na wataalamu ni sisi tu, tumerundikwa pamoja: kitambulisho, kilo za kahawa, ekari ulizoandikisha kwa chifu upate mbolea ya ruzuku. Habari za mtu mmoja hazina bei. Za watu milioni zikikutanishwa, kompyuta inakisia nani atalipa na nani atatoroka. Ndiyo maana Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai data itumike kwa kazi uliyoambiwa, na isichukuliwe zaidi ya inayohitajika. Ekari za mbolea zibaki za mbolea. Kompyuta ikikuamulia peke yake jambo zito, una haki ya kudai binadamu aliangalie upya.

Na si maneno matupu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga Mulla Pride, wenye programu za mikopo KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwatisha. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru mradi wa Worldcoin ufute data za macho na nyuso ulizokusanya kwa Wakenya, kwa kuwa ridhaa yao ilivutwa kwa sarafu za kidijitali. Niliposoma hivyo nikakumbuka wachumaji mlangoni. Mwenye shida hakatai kitu.

Ukitendewa kama mimi, mlalamikie Kamishna, hata kwa mdomo. Sheria inampa siku 90 kumaliza uchunguzi. Mimi sikujua. Nililipa deni, nikafuta programu, na mpaka leo mama mkwe hapokei namba asiyoijua.