Wataka kumnasa mbwa akikimbia? Usihesabu megapikseli

Si rahisi siku hizi kupata nyumba jijini isiyo na picha tele za watoto na wanyama wao, kwa kuwa simu imo mfukoni mwa kila mtu. Hata hivyo, zifungue picha hizo uzitazame vizuri. Mtoto aliyesimama wima kama askari wa gwaride ametokea vyema. Yule aliyekuwa akiufukuza mpira ametokea kama moshi, naye mbwa wa nyumbani kaacha mkia tu pembeni mwa picha.

Hapo ndipo mzazi, au mwanafunzi aliyejiwekea akiba, anapoamua kununua kamera hasa, ile aina ya SLR yenye lenzi ya kubadilishwa. Anaingia katika duka moja karibu na barabara ya Moi, Nairobi, na swali lake la kwanza kwa muuzaji ni: "Hii ni ya megapikseli ngapi?" Mpenzi msomaji, swali hilo ndilo linalowapoteza wengi.

Zitazame kamera sita ambazo anayeanza aghalabu huonyeshwa, zikiwa mpya au zimetumika: Canon EOS 2000D, 250D, 800D na 80D, pamoja na Nikon D3500 na D7200. Zote sita zina megapikseli 24. Kwa hivyo nambari hiyo haikusaidii kuchagua hata kidogo. Canon 2000D, iliyotoka mwaka wa 2018, hupiga picha 3 kwa sekunde na ina nukta 9 za kulengea. Canon 80D ilitoka miaka miwili kabla yake, 2016, lakini hupiga picha 7 kwa sekunde na ina nukta 45. Nikon D3500 ya 2018 hupiga 5 kwa nukta 11, ilhali D7200 ya 2015 hupiga 6 kwa nukta 51. Kipya kinyemi, lakini hapa mzee anamshinda kijana mbio.

Nukta za kulengea ni vile vijisanduku vidogo unavyoviona ukichungulia kwenye kitundu cha kamera. Kila kimoja humtafuta mnyama na kuisaidia kamera kujua lenzi iende wapi ili atokee wazi. Zikiwa 9 tu, kuna mapengo mengi baina yake, na paka anayeruka hupenya papo hapo. Zikiwa 45, akitoka kwenye moja huingia kwenye nyingine.

Je, kwa nini SLR na si simu? Ndani ya kamera hii mna kioo kilichoinamishwa, kinachopeleka jichoni mwako mwanga ule ule ulioingia kwenye lenzi. Unaliona tukio lenyewe, si taswira yake iliyocheleweshwa kwenye skrini. Ukibonyeza, kioo huinuka, shata hufunguka na kujifunga, kisha kioo hurejea mahali pake. Simu nayo, penye mwanga hafifu, mara nyingi hupiga picha kadhaa na kuziunganisha ziwe moja. Hiyo ni hila nzuri kwa sahani ya pilau, lakini si kwa mbwa asiyetulia.

Tufanye hesabu kidogo. Mbwa anayekimbia kilomita 36 kwa saa husonga mita 10 kila sekunde. Shata ikikaa wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, amekwisha kusonga sentimita 17 hivi. Hiyo si picha ya mbwa tena, ni ya upepo. Kwa sehemu moja ya 1000, amesonga sentimita moja tu. Basi kwa mbwa na michezo anza na 1/1000. Kwa mtoto anayechezacheza, 1/500 hutosha.

Lakini shata ya kasi hiyo huingiza mwanga kidogo mno, na hapa ndipo lenzi inapokuwa na thamani kuliko kamera yenyewe. Lenzi ya 18-55mm inayokuja ndani ya kasha, ukiivuta hadi mwisho, hufunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga takriban mara 10 zaidi. Sebuleni jioni, tofauti hiyo ndiyo inayokutoa 1/50 hadi 1/500. Ningekuwa na fedha za kununua kamera mpya ya bei ya wastani, ningechukua iliyotumika na zilizosalia nikanunua lenzi. Canon wana 50mm f/1.8 STM, ambayo ni miongoni mwa lenzi zao nafuu. Katika nyumba zetu za chumba na sebule, 50mm huenda ikakubana mgongo ukutani, na kwa wenye Nikon 35mm f/1.8G hufaa zaidi. Kwa mwanafunzi anayetaka kujipatia senti kwa kupiga picha mechi za raga au kandanda, lenzi ndefu kama 55-250mm ya Canon haikwepeki. Wachezaji hawatamlipa kwa picha ya timu iliyojipanga mstari; hiyo walikwisha kuipiga kwa simu.

Wanaopendelea Nikon wajihadhari na mtego mmoja. D3500 haina mota ya kulengea ndani yake, hivyo lenzi ya zamani yenye alama ya AF peke yake, mathalani 50mm f/1.8D, itakulazimu uzungushe kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S au AF-P. D7200 ina mota yake, na lenzi za aina zote hizo hujilenga zenyewe humo.

Isitoshe, huu ni wakati mzuri wa kununua iliyotumika. Makampuni makubwa yamehamia kamera zisizo na kioo. Sony waliacha kuuza SLR mwaka wa 2021, na Nikon wameacha kuitengeneza D3500. Wapiga picha wengi wa kulipwa wanahama, wakiziuza za zamani. Usikubali hata hivyo kutoa fedha kabla ya kuijaribu. Uliza shata imefyatuliwa mara ngapi, kwani ile ya 80D ilikadiriwa kudumu mara 100,000. Imulike lenzi kwa tochi uone kama ina utando kama wa buibui. Huo ni ukungu, na kamera nyingi zilizokaa Mombasa na Malindi bila kutunzwa huwa nao kwa sababu ya unyevu wa pwani. Halafu simama mlangoni, uiweke kwenye AI Servo kama ni Canon au AF-C kama ni Nikon, ulenge matatu inayokuja huku umebonyeza. Uvae mkanda shingoni, maana jiji lina wenyewe.

Kumnasa mnyama mbioni si tamaa ya leo. Mnamo Juni 1878, huko Palo Alto, Marekani, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, kila moja ikifyatuliwa na uzi uliokatwa na farasi alipopita. Picha zikaonyesha kwamba kuna wakati miguu yote minne huwa hewani, tena imekunjwa chini ya tumbo, wala si kunyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyokuwa wakiichora. Kazi iliyohitaji kamera 12 sasa unaweza kuifanya kwa moja, kwa muda wa sekunde mbili.

Ukifika nyumbani, anza na uani asubuhi au alasiri, jua likiwa si kali. Mbwa akiwa mweusi, kamera itadhani kuna giza na kumfanya kijivu. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, upunguze kwa 1. Paka mweupe, ongeza kwa 1. Piga magoti ili lenzi iwe sawa na macho yake, kisha mpe mtoto kipande cha mkate amwite mbwa kutoka upande wa pili ili apite mbele yako ubavu. Kumpiga akija moja kwa moja kwenye lenzi ni kugumu zaidi hata kwa kamera ya nukta 51, na kunaweza kungoja wiki ya pili.