Koti la Dola Tano na Mipira ya Manyoya

Mnada si jambo geni kwetu. Kila mfugaji aujua. Ng'ombe aingizwa uwanjani, dalali apaza sauti, huyu ataja bei, yule aongeza, na mwisho ng'ombe apata bwana mpya. Mnunuzi hutazama meno, kwato na nundu. Akitoa fedha yake ajua anunua nini.

Lakini iko minada mingine huko Uingereza na Marekani, ambako watu wazima hushindania vitu visivyokamuliwa wala kuchinjwa: fimbo za mbao zilizotobolewa na wadudu, mipira ya ngozi iliyosinyaa, vitabu vyembamba vya zaidi ya miaka mia mbili. Vyote ni vitu vya gofu, ule mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Wengi wetu tumeuona kwa mbali tu, maana ulikuja Afrika ya Mashariki pamoja na wakoloni. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Wazee wetu wengi waliingia viwanjani humo si kwa kucheza, bali kwa kuchukua mifuko ya fimbo za mabwana. Neno hilo la mchukuzi wa fimbo liwekeni akilini, tutalirudia.

Kwanza sikilizeni habari ya koti. Mwaka 1994, katika mji wa Toronto huko Kanada, mtu mmoja aliingia katika duka la mitumba akaona koti la kijani likining'inia kati ya nguo nyingine. Kifuani lilikuwa na nembo ya Augusta National, klabu ya gofu ya Marekani inayomvika koti la namna hiyo kila mshindi wa mashindano yake makubwa. Akalinunua kwa dola 5. Kumbe lilikuwa koti la kweli, la miaka ya 1950, ila jina la mwenyewe lilikuwa limekatwa ndani. Mwaka 2017 liliuzwa mnadani kwa dola 139,349.

Koti jingine la klabu hiyo hiyo lilijulikana mwenyewe. Lilikuwa la Horton Smith, mshindi wa kwanza kabisa wa mashindano hayo mwaka 1934, aliyeshinda tena mwaka 1936. Baada ya kufa kwake mwaka 1963 watu walidhani limepotea, kumbe limehifadhiwa na jamaa zake. Lilipotokea mnadani mwaka 2013, lilifika dola 682,229. Yapimeni makoti hayo mawili. Kitambaa ni kimoja na rangi ni moja. Tofauti yote ya bei imetoka katika jina lililokatwa na jina lililobaki.

Hapo ndipo penye siri ya biashara hii yote. Mkusanyaji wa vitu vya kale hanunui mbao wala ngozi wala karatasi. Anunua ushuhuda: nani alikitengeneza, nani alikishika, na nani aweza kuthibitisha hayo.

MPIRA MMOJA, KOFIA NZIMA YA MANYOYA

Asili ya gofu ya leo ni Uskoti. Watu wa huko waliupenda mchezo huo hata ukawaletea matata. Mwaka 1457 bunge la Mfalme James wa Pili wa Uskoti liliupiga marufuku pamoja na mpira wa miguu, kwa kuwa vijana waliacha kujizoeza upinde na mishale, na nchi ilihitaji watu wa vita. Marufuku hiyo ilitolewa tena mwaka 1471, kisha mwaka 1491. Amri ikirudiwa mara tatu, bila shaka mara mbili za kwanza haikusikilizwa.

Mipira yao ilikuwa ya ngozi na manyoya. Fundi alikata vipande vya ngozi akavishona, akaacha tundu dogo, akaugeuza mfuko ule ili mshono uwe ndani. Kisha akachemsha manyoya ya ndege, kipimo chake kofia ndefu ya kibwana iliyojaa, akayashindilia tunduni kwa chuma, huku akiegemea chuma hicho kwa kifua chake. Ngozi ikikauka husinyaa, manyoya yakikauka hutanuka. Hivyo mpira ukawa mgumu kabisa. Fundi hodari alimaliza mitatu au minne tu kwa siku. Vumbi la manyoya lilimwingia mapafuni, na mafundi wengi waliugua kifua.

Aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Allan Robertson wa mji wa St Andrews, aliyezaliwa mwaka 1815. Aligonga jina lake, ALLAN, juu ya ngozi ya kila mpira. Mwanafunzi wake wa kazi alikuwa kijana mmoja, Tom Morris. Basi mwaka 1848 ukaja mpira mpya wa gutapacha, yaani utomvu wa miti ya nchi za Malaya. Ulikuwa rahisi kutengeneza, haukuharibika kwa mvua, na ukibonyea uliweza kupashwa moto na kufinyangwa upya. Robertson aliona chakula cha nyumba yake kiko hatarini. Inasimuliwa kwamba aliinunua mipira hiyo mipya akaichoma moto. Siku moja Morris aliishiwa na mipira ya manyoya uwanjani, akapewa ule wa utomvu akauchezea. Habari zikamfikia bwana wake. Wakagombana na kuachana. Hata hivyo Robertson mwenyewe ilimbidi baadaye kuukubali mpira wa utomvu.

Sasa, mpira wa manyoya wenye jina la Allan, usomeke vizuri na mshono usiwe umepasuka, huuzwa kwa maelfu ya dola. Enzi zake uliuzwa kwa shilingi chache, na mwenye kuumia kifua hakupata senti moja katika maelfu hayo. Nalitaja jambo hili kwa kuwa katika orodha za minada husomi habari za mapafu yake.

Wala si mpira tu. Mwaka 2007, nyumba ya mnada ya Sotheby's mjini New York iliuza fimbo moja ya kusukumia mpira shimoni kwa dola 181,000. Yasemwa ni kazi ya Andrew Dickson, fundi wa Leith karibu na Edinburgh. Huyu Dickson alipokuwa kijana, karibu mwaka 1681, alikuwa mchukuzi wa fimbo wa Mtawala wa York. Mtawala huyo baadaye akawa Mfalme James wa Pili wa Uingereza, ndiye mfalme wa mwisho Mkatoliki wa nchi ile. Basi mfalme alifukuzwa katika kiti chake mwaka 1688, na fimbo ya mchukuzi wake yapata bei ya jumba.

VITABU

Kwa mtu mwenye fedha ya kawaida, mlango wa kuingilia ni vitabu. Kitabu cha kwanza chote kuhusu gofu kilichapwa Edinburgh mwaka 1743. Ni utenzi wa mzaha uitwao The Goff, wa Thomas Mathison, mtu wa sheria aliyegeuka baadaye kuwa mhubiri. Ni kijitabu chembamba ambacho ukikikuta kati ya makaratasi ya babu waweza kuwashia moto. Kilichapwa tena mwaka 1763 na 1793, na nakala za mara zote tatu ni adimu mno. Mwaka 1857 alitokea H. B. Farnie na kitabu cha kwanza cha kufundisha mchezo, lakini hakutia jina lake. Alijiita tu Mkono Hodari, kwa lugha yake. Mwaka 1875 Robert Clark wa Edinburgh, mpiga chapa, alikusanya habari, nyimbo na amri za zamani za gofu katika kitabu kizuri, na nakala 50 akazichapa kwenye karatasi kubwa. Hizo 50 ndizo zitafutwazo.

Mtu atajuaje kama nakala aliyoonyeshwa ni ya kweli? Hapa wamefanya kazi ya kusifiwa watu wawili wapenda orodha. Cecil Hopkinson alitoa mwaka 1938 kitabu cha kuwaongoza wakusanyaji. Baada yake Joseph Murdoch wa Philadelphia alitoa orodha ya vitabu vyote vya gofu alivyovijua tangu 1743 hadi 1966. Ilichapwa mwaka 1968. Miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Robert Kuntz walianzisha chama cha wakusanyaji wa vitu vya gofu huko Marekani. Mwenye orodha kama hiyo mkononi hadanganyiki upesi, maana vitabu vya zamani vimechapwa upya kwa kuigwa katika karne ya 20, na mwenye tamaa huona mwaka 1743 juu ya jalada akasahau kutazama karatasi yenyewe.

Hesabuni kurasa kwanza. Ukurasa au picha moja ikikosekana bei huanguka. Tazama kama jalada ni la asili au limeshonwa upya. Vitabu vya karne ya 20 vilikuwa na karatasi ya kufunika jalada, ambayo wengi waliitupa. Iliyobaki yaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Na kwa fimbo na mipira, kosa la watu wema ni kusafisha. Mjane aona fimbo ya marehemu imeshika kutu, aisugua kwa msasa, aipaka vanishi, aipeleka ikimeremeta. Dalali atikisa kichwa. Jina la fundi limeondoka na kutu.

NYUNDO IKIGONGA

Mnada wenyewe waenda hivi. Kabla ya siku yake hutolewa orodha, kila kitu na namba yake, maelezo yake, na bei ya kukadiria. Muuzaji aweza kuweka bei ya chini kwa siri. Isipofikiwa, kitu harudishiwi ila yeye mwenyewe. Wanunuzi wengine huja, wengine hutuma bei kwa barua, wengine kwa simu, na siku hizi walio wengi kwa intaneti wakiwa nyumbani kwao. Nyundo ikigonga mambo yamekwisha, hakuna kusema nilikosea.

Lakini bei ya nyundo siyo utakayolipa. Nyumba ya mnada huongeza ushuru wake, mara nyingi asilimia 20 au 25. Uliyeshinda kwa dola 1,000, jiandae kutoa 1,250, tena kuna kusafirisha na ushuru wa forodha. Wazoefu huandika kikomo chao kwenye karatasi wakiwa wametulia nyumbani, ushuru umo ndani yake, nao hawakivuki. Kazi ni kutokivuka. Ukumbini mtu aona mwenzake akiongeza, damu yapanda, na yeye hapiganii tena kitabu ila heshima yake. Yatosha watu wawili wa namna hiyo katika chumba kimoja ili kitu cha dola mia kiuzwe kwa elfu. Nimewaona hao hata kwenye minada yetu ya mbuzi.

Neno la ushuhuda halijaisha. Mwaka 2010 ziliuzwa kwa dola 57,242 fimbo za chuma zilizosemwa ndizo Tiger Woods alizoshindia mashindano manne makubwa mfululizo, mwaka 2000 na 2001. Upande wa Woods ulisema zile za kweli angali nazo. Wauzaji walileta maandishi ya kiapo, na hata habari ya mtu wa kampuni aliyezipokea kupimwa kwa mashine ya kutambua uongo. Ubishi haukuwazuia wanunuzi: mwaka 2022 fimbo hizo hizo zilinunuliwa kwa dola 5,156,162. Mimi nisingetoa hata senti mpaka ndugu hawa wapatane, lakini ndiyo maana mimi si tajiri wa fimbo.

Pengine ubishi ni juu ya mali yenyewe. Mwaka 2017 klabu ya Augusta ilikwenda mahakamani kuzuia kuuzwa kwa koti la Byron Nelson, mshindi wa mwaka 1937 na 1942, ikidai koti hilo ni lake. Mnunuzi mwenye busara huuliza mapema kitu kimetoka wapi na kwa ruhusa ya nani.

MKANDA WA TOM

Tumwendee tena Tom Morris, yule aliyegombana na bwana wake. Alikuwa na mtoto wa kiume, Tom kama baba. Mashindano makubwa ya Uskoti yalianza mwaka 1860 huko Prestwick, na zawadi ilikuwa mkanda wa ngozi nyekundu wenye bizimu ya fedha. Sharti lilikuwa kwamba atakayeshinda miaka mitatu mfululizo ataumiliki. Tom kijana alishinda mwaka 1868, akiwa na miaka 17, kisha 1869, kisha 1870. Mkanda ukawa wake, na mwaka 1871 mashindano hayakufanyika kwa kukosa zawadi.

Septemba 1875 baba na mwana walikuwa wakicheza North Berwick, simu ya maandishi ikaja: mke wa kijana yuko katika uchungu mkali wa kuzaa. Walivuka ghuba kwa mashua. Walipofika, mama na mtoto wamekufa. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule Tom kijana naye alikufa, umri wake miaka 24.

Mzee Tom aliishi mpaka mwaka 1908. Mwaka huo wajukuu zake waliutoa mkanda ule kwa klabu ya St Andrews, bure, nao ungali huko.