Je, Wajua? Kadi Isiyoshikika Nayo Ina Namba Yake

Ndani ya kompyuta moja unaweza kuwasha nyingine. Programu kama VirtualBox, VMware na Hyper-V huigiza mashine nzima: ina prosesa yake, kumbukumbu yake, diski yake ambayo kwa kweli ni faili tu, na kadi yake ya mtandao. Mafundi huiita mashine pepe. Ukifungua mipangilio ya kadi hiyo utakuta namba ya tarakimu 12 (0 hadi 9 na herufi A hadi F) zilizopangwa mbili mbili, ikianza na 08:00:27 kama unatumia VirtualBox. Hiyo ndiyo anwani ya MAC. Kadi yenyewe haina chuma, waya wala tundu la kuchomekea, ila namba inayo, sawa na kadi yoyote iliyotoka kiwandani. Nani kaipa?

Chimbuko la namba hizi ni maabara ya Xerox PARC huko California, ambako mwaka 1973 Robert Metcalfe na David Boggs walianza kubuni Ethernet, mtandao wa kuunganisha kompyuta za jengo moja. Majaribio ya mwanzo yalitumia anwani za biti 8, ambazo hazitoshi hata vituo 300. Kampuni za Digital, Intel na Xerox zilipotoa kiwango cha pamoja mwaka 1980, anwani ilikuwa imerefushwa hadi biti 48, yaani namba zaidi ya trilioni 281. Nia ilikuwa kila kadi iwe na namba yake peke yake duniani, ili hata ikihamishiwa ofisi nyingine isigongane na mwenzake. Leo mgawaji ni taasisi ya wahandisi ya IEEE. Kampuni hupewa tarakimu sita za mwanzo, kama jina la ukoo, kisha hujaza yenyewe sita za mwisho. Ukoo mmoja hutosha kadi 16,777,216.

Mashine pepe nazo zina koo zake. Ukiona 00:0C:29 au 00:50:56, hao ni wa VMware. 00:15:5D ni wa Microsoft, na ndio hutumika kwenye Hyper-V. 00:16:3E ni wa Xen, programu nyingine ya aina hiyo. Ile 08:00:27 ya VirtualBox ina kichekesho chake: kwenye daftari la IEEE imeandikwa jina la kampuni nyingine kabisa ya Ujerumani, kwa hiyo fundi anayechungulia mtandao huona jina la kampuni asiyoijua na kushangaa mgeni huyu katoka wapi. Programu ya QEMU nayo hutumia 52:54:00, na hapa tazama tarakimu ya pili. Ikiwa 2, 6, A au E, maana yake namba hiyo haikutolewa na IEEE, imepangwa na programu au msimamizi mwenyewe.

Wengi huifananisha anwani ya MAC na namba ya chesisi ya gari, iliyogongwa kwenye chuma. Mfano huo ni kweli nusu. Kiwandani namba huandikwa kwenye chipu, lakini chipu haisafiri kwenye waya. Kinachosafiri ni fremu, yaani kifurushi cha data, na kila fremu ina sehemu ya kujaza jina la mtumaji. Programu ndiyo inayojaza, na inaweza kujaza itakavyo. Basi anwani hii inafanana zaidi na jina linaloandikwa nyuma ya bahasha: posta haiombi kitambulisho kwa ajili ya jina hilo. Kwenye mashine pepe hata hiyo chipu haipo. Ukifungua faili la mipangilio la VMware kwa programu ya kawaida ya kuhariri maandishi, utakuta mstari unaoanza na ethernet0.generatedAddress, na mbele yake namba yenyewe ndani ya alama za kunukuu. Kitambulisho chote ni mstari mmoja.

Mstari huo unaweza kuleta vurugu bila mtu kukusudia. Fundi ametengeneza mashine pepe moja ikakaa sawa, akanakili folda yake, akaiwasha nakala kwenye kompyuta ya pili. VMware humuuliza: umeihamisha au umeinakili? Akijibu kwamba ameihamisha, nakala hubaki na namba ya mwenzake. Sasa kuna mapacha wenye jina moja. Swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisini, ina daftari lake: kila ionapo fremu huandika jina la mtumaji na tundu alikotokea. Pacha wa kwanza akiongea kupitia tundu la 3, swichi huandika 3. Wa pili akiongea kupitia tundu la 7, hufuta na kuandika 7. Mizigo ya wote wawili humfuata aliyesema mwisho. Mtumiaji huona mtandao unakuja na kupotea, akabadilisha waya, akazima ruta na kuwasha, mwisho akailaumu kampuni ya intaneti.

Lakini kujaza jina lisilo lako si uhalifu kila mara. Kuna programu za zamani ambazo leseni zake zimefungwa kwa namba ya kadi ya seva. Seva ikihamishiwa kwenye mashine pepe, namba huhama nayo. Ruta mbili zinazolindana kwa utaratibu wa VRRP hutumia kwa pamoja namba moja inayoanza na 00:00:5E:00:01, ili moja ikizimika nyingine ipokee kazi bila kompyuta za ofisini kujua. Na mashine pepe yaweza kubeba mashine pepe nyingine tumboni mwake. Hizo za ndani zikiongea, sauti hutokea mlango mmoja kwa majina mengi.

Ndiyo maana ukifungua mipangilio ya kadi ndani ya Hyper-V utaona kisanduku cha kuruhusu kughushi anwani ya MAC. Kwa kawaida kiko tupu. Mafundi huiita kompyuta halisi mwenyeji, na mashine pepe mgeni. Mgeni akituma fremu yenye jina ambalo mwenyeji hakumpa, fremu hiyo hutupwa pale pale mlangoni. VMware ina masharti matatu yanayokaribiana na hilo: mgeni kusikiliza maongezi ya wengine, mgeni kubadili jina lake, na mgeni kutuma kwa jina la mwingine. Msimamizi ndiye huamua lipi likubaliwe na lipi likataliwe.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Namba iliyoandikwa kwenye chipu ni vigumu kuihakiki, kwa kuwa swichi ya kawaida haioni mkono ulioshika waya upande wa pili. Namba iliyo mstari tu kwenye faili inaweza kulindwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu mwenyeji ndiye aliyeutunga huo waya na anajua kila mgeni analala chumba gani.

Wahalifu nao wanazijua koo hizi. Virusi vingi vya kompyuta, kabla ya kuanza kazi, huangalia tarakimu sita za mwanzo. Vikiona ukoo wa VMware au VirtualBox hujifanya vimelala, vikihofia viko kwenye maabara ya watafiti. Watafiti nao huipa mashine pepe namba ya ukoo wa kadi halisi ili virusi vijione viko nyumbani. Mwezi Machi 2019 kampuni ya Kaspersky ilitangaza shambulio lililoitwa ShadowHammer, lililopitia programu ya masasisho ya kompyuta za ASUS. Programu hiyo yenye sumu ilifika kwenye kompyuta nyingi, lakini ilikuwa ikiwinda orodha ya anwani za MAC zaidi ya 600 tu. Mojawapo ilikuwa 00:50:56:C0:00:08, namba ya kadi pepe ya VMware inayofanana kwa watu chungu nzima. Ili wasimpige asiyehusika, washambulizi waliioanisha na namba ya kadi halisi ya mlengwa. Hata wao hawakuiamini namba hiyo peke yake.

Basi atakayekuambia kwamba Wi-Fi yake iko salama kwa sababu ameorodhesha anwani za simu anazoziruhusu, mpe pole. Anwani hizo husafiri hewani waziwazi hata pale maongezi yenyewe yamefichwa, na mwenye nia mbaya huokota moja na kuivaa. Simu nazo zimeshaacha kutaja jina la kuzaliwa: Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hubuni namba tofauti kwa kila Wi-Fi zinayojiunga nayo. Fungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu yako, tafuta anwani ya MAC, uangalie tarakimu ya pili. Ikiwa 2, 6, A au E, namba hiyo haijawahi kukanyaga kiwandani.