Usanifishaji wa Data za Ankara na Gharama baina ya Watoa Huduma za Wingu: Ufafanuzi kwa Mfano wa Risiti ya LUKU, Nangara, Babati

Taasisi inayokodi uwezo wa kompyuta na hifadhi ya data kwa zaidi ya mtoa huduma mmoja wa wingu, tuseme Amazon Web Services, Microsoft Azure na Google Cloud, hupokea kila mwezi ankara zisizosemezana. Huduma za aina moja hupewa majina tofauti, matumizi hupimwa kwa vipimo tofauti, na punguzo la bei huwekwa kila mahali kivyake. Mhasibu huweza kujumlisha fedha zilizolipwa, lakini hawezi kusema kwa hakika ni huduma ipi iliyo nafuu. Kwa kusudi la kuondoa kikwazo hicho, taasisi ya FinOps Foundation, iliyo chini ya Linux Foundation, ilitoa toleo 1.0 la vipimo sanifu viitwavyo FOCUS mnamo Juni 2024.

Tatizo lenyewe halikuzaliwa na wingu. Linaonekana waziwazi katika risiti ya LUKU ya mkazi wa kata ya Nangara, mjini Babati. Mteja wa TANESCO wa kundi la T1 anayenunua umeme wa shilingi 10,000 kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti hupata takriban uniti 28.07. Hii ni kwa sababu ndani ya fedha hizo umeme wenyewe ni shilingi 8,196.72, zinazobaki ni kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya EWURA asilimia 1 na ya REA asilimia 3. Hata hivyo, katika ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa pia kodi ya majengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida ilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Shilingi 10,000 zilezile sasa huleta takriban uniti 23.86. Mtafiti atakayegawanya fedha kwa uniti bila kutenganisha mistari ataona bei ya umeme ikiwa takriban shilingi 419 mwanzoni mwa mwezi na 356 baadaye. Bei haikubadilika hata senti moja. Aidha, mteja asiponunua umeme kwa miezi miwili, kodi hiyo hulimbikizwa, na kosa la mtafiti hukua.

FOCUS huzuia kosa la namna hii kwa kuulazimu kila mstari wa data ujieleze: kama ni matumizi, ununuzi, kodi, punguzo lililorudishwa au marekebisho. Kiasi kilichotumika na kipimo chake huandikwa kando ya fedha. Zaidi ya hayo, gharama hutajwa kwa sura nne: bei iliyotangazwa, bei ya mkataba, kiasi kilichotozwa, na gharama halisi baada ya malipo ya awali kusambazwa. Sura hii ya nne ndiyo yenye uzito kuliko zote. Taasisi iliyolipia seva za mwaka mzima mwezi Januari ingeonekana kutumia fedha nyingi Januari na kutotumia chochote Februari, ilhali seva zilifanya kazi miezi yote.

Tanzania ilikwisha kuchukua hatua inayofanana na hii katika malipo ya umma. Tangu Julai 2017, mfumo wa kielektroniki wa malipo ya Serikali, GePG, umezitaka taasisi kuwasilisha ankara kwa muundo mmoja wenye msimbo wa taasisi, kiasi, sarafu, tarehe ya ukomo na msimbo wa aina ya mapato. Mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, inayolipika benki au kwa simu. Mafanikio yake ni makubwa, lakini yamo upande wa fedha. Maelezo ya ankara yameachwa yaandikwe kwa maneno huru, na msimbo wa mapato hausemi ni mita ngapi za ujazo wa maji zilizotumika. Kwa hiyo GePG inatosha kwa usuluhishi wa hesabu. Kwa ulinganishaji wa gharama haitoshi, na haikuundwa kwa ajili hiyo.

Linabaki suala la nani abebe gharama, ambalo hakuna muundo wa data unaolimaliza. Kodi ya majengo ni wajibu wa mmiliki, lakini hukatwa kwa yeyote anayenunua umeme wa mita husika. Katika nyumba ya vyumba vya kupanga, mpangaji aliyewahi kununua kwanza ndiye anayeilipa, na kuirejesha hutegemea maelewano yake na mwenye nyumba. FOCUS imetenga safu ya lebo ili kila mstari uhusishwe na idara au mradi uliosababisha gharama. Seva ambayo mwanzilishi wake hakuiwekea lebo huingia katika ankara ikiwa haina mwenyewe, na hulipwa na idara iliyoshika akaunti.