Utunzaji wa Biri Nyumbani

Mtu akaaye Adams Arcade, kando ya barabara ya Ngong, akiletewa kasha la biri kutoka ng'ambo, huenda akaliweka kabatini lingoje arusi ya mwanawe. Asipojua kulitunza, siku hiyo atakuta vumbi na matundu.

Biri ni majani matupu ya tumbako yaliyosokotwa, nayo hupokea unyevu na kuutoa. Nairobi iko kadiri ya meta 1,700 juu ya bahari. Hewa kavu ya Januari na Februari huyakausha majani hata yakapasuka, na masika huyaletea kuvu. Yafaa biri zikae katika sanduku la mwerezi lifungwalo sawasawa, pamoja na sifongo iliyotiwa maji yaliyokenekwa, unyevu ukiwa kati ya 65 na 70 kwa mia. Joto lisipite digrii 21, kwa maana likizidi 24 mayai ya mdudu wa tumbako huanguliwa, na watoto wake huyatoboa majani.

Zikitunzwa hivyo, ladha yake hulainika mwaka hata mwaka. Lakini sumu haipungui: moshi wa biri huleta saratani ya kinywa na ya koo. Basi mwenye kasha na atunze kwanza pumzi yake, ili siku ya arusi naye awepo.