Eriksson alisikia makofi yake akiwa hai

DAKIKA 45 za kwanza ziliisha ubao wa Anfield ukisomeka Liverpool 0, Ajax 2. Kocha anayechapwa namna hiyo nyumbani, mbele ya watu karibu 60,000, kwa kawaida anaanza kufikiria maswali ya waandishi wa habari. Huyu hakuwa na presha hiyo. Alishapata alichokifuata.

Ilikuwa Jumamosi, Machi 23, 2024, mechi ya hisani ya magwiji. Uwanjani walikuwepo kina Steven Gerrard na Fernando Torres, na kwenye benchi la Wekundu alikaa Sven-Göran Eriksson, Mswidi wa miaka 76. Mashabiki waliojaa pale walijua kwamba mzee yule ana saratani ya kongosho, na kwamba madaktari wameshamwambia haiwezi kuondolewa kwa upasuaji.

Kipindi cha pili Liverpool ikaamka. Gregory Vignal akafunga, Djibril Cissé akasawazisha, Nabil El Zhar akaongeza la tatu, Torres akamaliza kazi. 4-2. Hakukuwa na pointi wala kombe, lakini mzee alishaanza kulia tangu uwanja ulipoimba wimbo wake ule maarufu kabla ya mpira kuanza.

Picha zake siku ile zilisambaa dunia nzima. Hata kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam, ambako Liverpool ina watu wake wasiokosa mechi, kuna vijana waliouliza huyu mzee ni nani. Wakubwa wakawajibu: ndiye aliyekuwa na Beckham, Gerrard, Lampard na Rooney kwenye timu moja na hakufika hata nusu fainali.

Jibu ni la kweli, ila linauma kidogo.

Ndivyo Eriksson alivyokumbukwa kwa miaka mingi. Alichukua England mwaka 2001, akiwa kocha wa kwanza wa kigeni katika historia ya timu hiyo. Mwaka huohuo akaenda Munich akaifumua Ujerumani 5-1 kwao. Halafu zikaja Kombe la Dunia 2002, Euro 2004 na Kombe la Dunia 2006, na mara zote tatu akatolewa robo fainali. Magazeti ya Uingereza yalimshambulia kwa mbinu zake, mshahara wake, hata mambo yake ya chumbani. Alipoondoka 2006, wengi walishusha pumzi.

Waliokuwa wanamcheka walisahau sehemu kubwa ya kitabu. Mwaka 1982, akiwa kijana wa miaka 34, aliipa IFK Göteborg Kombe la UEFA, klabu ya Sweden ikizipita timu za matajiri. Aliifikisha Benfica fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka 1990. Mwaka 2000 aliipa Lazio ubingwa wa Italia, wakati Serie A ndiyo ilikuwa ligi ya kuogopwa. Hata Afrika alifika: ndiye aliyekuwa na Ivory Coast ya Didier Drogba kwenye Kombe la Dunia 2010 pale Afrika Kusini.

Sasa, mtu wa namna hii husifiwa lini? Kwa utaratibu wa soka tuliouzoea, anasifiwa akishazikwa. Wachezaji wanavaa vitambaa vyeusi mikononi, mwamuzi anapuliza kipyenga, dakika moja ya kimya, halafu mpira unaendelea. Anayesimamiwa hasikii chochote.

Eriksson aliuvunja utaratibu huo kwa kufungua mdomo. Februari 2023 alikuwa ameacha kazi yake katika klabu ya Karlstad ya nyumbani kwao, akisema tu kwamba ana tatizo la afya. Hakutaja ni nini. Alikaa kimya karibu mwaka mzima. Januari 2024 akaiambia redio ya Sweden kila kitu: alikuwa anajiona mzima, akakimbia kilomita tano, kesho yake akaanguka, hospitali wakaikuta saratani. Alisema mambo yakienda vizuri sana amebakiza kama mwaka mmoja.

Katika mahojiano yaliyofuata akatoa siri nyingine. Baba yake ni shabiki wa Liverpool, na yeye mwenyewe ni shabiki wa Liverpool tangu utotoni. Siku zote alitamani kuifundisha timu hiyo, na alijua haitatokea tena.

Mashabiki waliidaka hiyo hapohapo. Jürgen Klopp, aliyekuwa kocha wa Liverpool wakati huo, akasema mzee anakaribishwa aje akae kwenye kiti chake ofisini kwa siku moja. Klabu ikaona ofisi haitoshi, ikampa timu ya magwiji na Anfield nzima.

Milango mingine ikafunguka. Göteborg, Benfica, Sampdoria na Lazio, klabu zake za zamani, nazo zikamwita. Alitembea uwanja hadi uwanja, mikono juu, akipigiwa makofi na watu ambao baadhi yao walikuwa hawajazaliwa alipokuwa anawafundisha baba zao furaha.

Lakini kilichomgusa zaidi hakikutokea uwanjani.

David Beckham alikuwa nahodha wake England kwa miaka mitano. Ndiye aliyepiga ile frikiki dhidi ya Ugiriki Oktoba 2001, dakika za nyongeza, iliyoipeleka England Kombe la Dunia na kumwokoa kocha. Mwaka 2024 Beckham ni tajiri mwenye klabu yake Marekani na ratiba isiyo na nafasi. Kutuma ujumbe mzuri kwenye simu kungetosha, na hakuna ambaye angemlaumu.

Badala yake akasafiri hadi Sweden, nyumbani kwa kocha wake kijijini. Alibeba chupa za mvinyo. Hakuzichukua tu dukani kwa haraka: kila chupa ilikuwa ya mwaka wenye maana katika maisha ya Eriksson. Yaani mtu alikaa chini, akahesabu maisha ya mwenzake mwaka kwa mwaka, ndipo akafunga safari. Eriksson mwenyewe aliisimulia ziara ile kwenye filamu ya maisha yake, na ukimtazama unaona kabisa kwamba mvinyo si hoja.

Filamu hiyo ilitoka Agosti 2024. Mwishoni mwake mzee anawaaga watu, anawaomba wasisikitike, watabasamu. Siku chache baadaye, Jumatatu ya Agosti 26, akafariki nyumbani kwake. Beckham akarudi tena Sweden Septemba kwa mazishi. Safari hiyo ya pili wengi wangeifanya. Ya kwanza ndiyo ngumu.

Kuna jambo moja kwenye msiba ule ambalo halikusemwa sana. Baba yake Eriksson, yule shabiki wa Liverpool aliyemwambukiza mwanaye, alikuwa bado hai, mzee wa miaka 95. Dunia ilikuwa inamuaga mtoto, baba akabaki.

Huku kwetu tuna kisingizio kizuri cha kubana sifa: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Makocha wanaupenda sana msemo huo wanapoulizwa kuhusu chipukizi, na kwa chipukizi una mantiki, maana wapo waliovimba kichwa baada ya mabao matatu wakapotea. Ila mgema aliyeshuka mnazi miaka 40 iliyopita, magoti yameisha, atalitia maji tembo lipi?

Chukua Lagos 1980. Kwa miaka 39, hiyo ndiyo ilikuwa fainali pekee ya Mataifa ya Afrika iliyochezwa na Taifa Stars. Walifika huko baada ya sare ya 1-1 na Zambia kule Ndola mwaka 1979, bao la Peter Tino ambalo wazee wanalisimulia hadi leo kama limefungwa jana. Fainalini walifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, wakafungwa 2-1 na Misri, wakatoka 1-1 na Ivory Coast. Kundi gumu, na hawakuaibika.

Katika benchi la ufundi la timu ile alikuwemo Joel Bendera. Baadaye aliingia kwenye siasa, akawa naibu waziri aliyeshughulika na michezo, kisha mkuu wa mkoa, Morogoro na Manyara. Kila Stars iliposhindwa kufuzu, jina lake na la Lagos yalikuwa yanafukuliwa, mara nyingi kwa ajili ya kuwachapia wachezaji waliokuwepo. Yaani tulimtumia kama fimbo.

Bendera alifariki Desemba 6, 2017. Machi 24, 2019, Stars ikaifunga Uganda 3-0 Uwanja wa Taifa, mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, na nchi ikarudi Afcon. Miezi 15 tu na ushee. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kifo hakifuati kalenda ya CAF. Ila siku ile uwanja ulipokuwa unatikisika, ingependeza sana kama mzee yule angekuwa jukwaani, kamera imwoneshe, watu wasimame.

Wenzake kadhaa wa Lagos nao wametangulia. Wapo waliobaki. Leodegar Tenga, beki wa kikosi kile, alikuja kuwa rais wa TFF, kwa hiyo sura yake inajulikana na akiingia mahali anapewa kiti. Siyo wote wana bahati hiyo. Mchezaji hakumbukwi kwa sura kama hakukuwa na televisheni nchini, na mwaka 1980 Tanzania Bara haikuwa nayo. Mashabiki waliwasikia redioni. Walijua majina, mashuti na mbwembwe za mtangazaji, basi.

Kijana aliyekwenda Lagos akiwa na miaka 23 sasa ameshaupita umri wa 65. Huenda asubuhi hii amepanda daladala kwenda kliniki, amekaa siti ya dirishani na bahasha yake ya karatasi za hospitali, na pembeni yake kuna kijana amevaa jezi mpya ya Taifa Stars, ameinamia simu, anatafuta matokeo ya jana.