Kumpima Mshambuliaji wa Sekondari Uvira

Katika mechi za shule za sekondari pale Uvira, anayeshangiliwa zaidi mara nyingi ni yule aliyekwisha kukomaa mwili. Ana kifua, ana mbio, na beki akimgonga, beki ndiye anayekwenda chini. Walio pembeni ya uwanja wanaona staa. Msaka vipaji aliyetoka Bukavu au Bujumbura ana kazi ngumu kuliko yao: ajue kama mbele yake kuna kipaji, au kuna mwili uliowatangulia wenzake miaka miwili.

Mvulana hurefuka kwa kasi zaidi akiwa na miaka kama 14, pengine sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka. Lakini wako wanaoanza mapema na wako wanaochelewa sana, na wote wanacheza timu moja. Aliyetangulia anafunga kwa nguvu. Akifika miaka 18 wenzake wameshamfikia, na kama hakujifunza lolote jingine, amekwisha. Aliyechelewa, kwa sababu hakuwa na kifua cha kupigania, alilazimika kujua kukwepa, kuachia pasi mapema na kusimama mahali pa wazi. Huyo ndiye anayekaa benchi mechi nzima, na kwangu mimi ndiye hasara kubwa ya soka la mwambao huu wa ziwa.

Basi atazamwe nini? Kwanza shingo. Kabla mpira haujamfikia, je, anageuka kuangalia nyuma ya bega lake? Anayegeuka mara mbili ameshajua beki yuko wapi, na akipokea anakwenda. Asiyegeuka anapokea, anasimama, ndipo anaanza kufikiri. Kisha mguso wa kwanza, hasa kwenye uwanja wa vumbi na vijiwe ambako mpira hudunda unavyotaka wenyewe. Apelekewe mipira upande wa mguu asiouamini. Halafu asubiriwe dakika ya 70, timu imeshafungwa mawili na joto la ziwani limewachosha: je, bado anaomba mpira au anajificha nyuma ya beki? Hayo hayaletwi na kubalehe. Aulizwe pia namba ya viatu vyake mwaka jana na mwaka huu, na wazazi waonekane, kwa kuwa urefu wao unasema mengi. Kama mwaka jana alikuwa hodari na sasa anajikwaa na kulalamika maumivu chini ya goti, asifutwe kwenye daftari. Huenda yuko katikati ya kurefuka.

Lakini kujua aliyetangulia na aliyechelewa, lazima ujue umri wao wa kweli. Hapo ndipo karatasi za umri zinapoingia. Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama. Familia nyingi za Uvira na Fizi zimehama kwa vita zaidi ya mara moja, na mafuriko ya Aprili 2020 yaliondoka na nyumba na vilivyokuwamo. Cheti kilichotolewa juzi, basi, si lazima kiwe cha uongo, ila peke yake hakitoshi. Tangu 2009 FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na Kamerun iliwahi kuwapoteza wachezaji 21 kati ya 30 kwa kipimo hicho. Hata hivyo picha huonyesha mfupa ulivyoungana, haitaji siku ya kuzaliwa.

Majirani zetu wa Uganda walilipa gharama ya karatasi katika mchezo mwingine kabisa, besiboli. Mwaka 2011 timu yao ya watoto ilifuzu mashindano ya dunia ya Williamsport, Marekani, ikanyimwa viza kwa sababu ya nyaraka za umri. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafika. Baadaye vijana wao walianza kusajiliwa na klabu kubwa: Ben Serunkuma na Umar Male kwa Los Angeles Dodgers mwaka 2022, kisha mrushaji David Matoma kwa Pittsburgh Pirates.

Kwenye ufukwe wetu, jina ambalo kila mzazi analijua ni Shabani Nonda. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, akapitia Yanga ya Dar es Salaam na Vaal Professionals ya Afrika Kusini, akafika Zürich bado kijana. Msimu wa 2002/03 aliongoza kwa mabao ligi ya Ufaransa, mabao 26 akiwa na Monaco. Lakini njia yake isitumiwe kama ramani, maana tangu 2001 kanuni za FIFA zinazuia kwa jumla uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Anayemwomba mzazi wa mtoto wa miaka 15 hela ya viza ya "majaribio" Ulaya anauza kitu ambacho kanuni hairuhusu.

Ila katika kanuni hizo kuna mlango mmoja unaoihusu Uvira moja kwa moja, na unazungumzwa kidogo mno. Mchezaji anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo nayo ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huo, mradi nyumbani kwake na klabu visipishane zaidi ya kilomita 100, aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali. Kavimvira, Kalundu na Kiliba zote zinaingia, na Bujumbura iko ng'ambo ya Gatumba tu. Ugumu uko kwenye mpaka wenyewe: ukifungwa, mazoezi yamekatika.

Kabla ya yote, mwalimu wa michezo amkatie kijana leseni katika klabu inayotambuliwa na shirikisho. Timu ya shule tu haihesabiki. Klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hugawana asilimia 5 ya ada ya kila uhamisho wake wa kimataifa. Klabu ya Uvira iliyomsajili misimu minne, kuanzia miaka 12 hadi 15, akiuzwa baadaye kwa euro 1,000,000, inastahili euro 10,000. Bila leseni za misimu hiyo, hakuna cha kudai.